UZI: Kijana aliyeacha shule kijijini ni wa serikali gani?

Swali hili mmeniletea inboksi kwa njia kumi tofauti: kwa nini kila kampeni tunaahidiwa madarasa na basari, na wale vijana waliotoka shule bado wamekaa pale pale chini ya mwembe? Leo tulichambue. Sheria ya hapa mnaijua, hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunajadili hoja. Weka chai karibu manake uzi ni mrefu.

Nitaongea zaidi kuhusu vijiji vya ndani kule Kilifi, pande za Ganze na Magarini, sababu ndiko ninakokujua. Wa Pokot, Migori na Kitui mtajiona humu humu, mbadilishe tu timbo la mawe na ugema wa mnazi kwa dhahabu, uvuvi ama mchanga.

Tuanze na maneno yanayosikika jukwaani. Moja: "Elimu ni bure, asiyesoma amejitakia." Mbili: "Wazazi wakamatwe." Tatu: "Turudishe watoto wote shuleni." Hayo ya kwanza mawili nitayapitia haraka. La tatu ndilo lenye kazi, kwa sababu linasikika zuri mpaka hakuna anayeuliza kurudi huko ni kurudi wapi.

Elimu ni bure? Kwenye Katiba, ndio. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Karo ya shule za msingi za umma iliondolewa 2003. Serikali kuu inapanga kutuma shilingi 1,420 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi, na 22,244 kwa wa sekondari. Ni pesa za kwenye karatasi, zinavyofika na zinapofika ni uzi mwingine. Lakini mama wa kijijini haulizwi karo. Anaulizwa pesa za chakula cha mchana, za mtihani wa kopi, za mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, sare, viatu. Kila moja ni ndogo. Zote pamoja, kwa nyumba inayokula kwa kuchoma makaa, ni mlima.

Wazazi wakamatwe? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kweli inasema mzazi asiyempeleka mtoto shule ametenda kosa. Chifu anaweza kuja asubuhi na askari. Sasa niambie, mkishamfungia yule mama, wale wadogo watatu waliobaki nyumbani nani atawapeleka shule Jumatatu? Sisemi sheria ifutwe. Kuna baba anaoza binti wa miaka 14 na huyo cell imfae. Lakini umaskini hauwezi kuwekwa pingu.

Twende kwa la tatu sasa.

Kuna kitu watu wanachanganya. Kinachomtoa mtoto shule na kinachomzuia asirudi si kitu kimoja. Anaweza kutoka kwa sababu ya njaa ya mwaka mmoja, ama mimba, ama ile korona iliyofunga shule Machi 2020 zikaja kufunguliwa kikamilifu Januari 2021. Mvua inanyesha, njaa inaisha, shule zinafunguliwa. Yeye harudi. Kwa nini? Kwa sababu katikati hapo maisha yamemjengea sababu mpya. Anaingiza kitu kidogo nyumbani. Amerefuka kuliko wenzake. Herufi zimemtoka kichwani na anaona aibu. Ana mtoto mgongoni. Ukimletea basari leo, umetibu ugonjwa wa miaka mitatu iliyopita.

Chukua msichana wa miaka 16. Mpe jina lolote, kila kijiji kinaye. Aliachia Gredi ya 6, ana mtoto wa miezi minane, anateka maji kwa watu na kufua nguo. Akisema leo nataka kusoma, ana milango mitatu. Tuijaribu mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza, shule yenyewe. Mwongozo wa wizara wa 2020 unasema msichana aliyejifungua arudishwe shuleni bila masharti. Mwongozo mzuri, na ukikutana na mwalimu mkuu anayemkataa binti, mtajie huo mwongozo kwa sauti. Lakini darasani atakaa na watoto wa miaka 11 na 12. Kutoka alfajiri mpaka jioni, siku tano. Mtoto atabaki na nani? Bibi? Bibi yuko shambani, ama bibi mwenyewe ana miaka 34 na yuko Malindi anafanya kazi ya nyumba. Shule ya msingi imejengwa kwa mtu ambaye kazi yake ya siku nzima ni kuwa mtoto. Huyu kazi hiyo iliisha.

Mlango wa pili ni ngumbaru.

Ona hilo neno lenyewe. Ukitaja ngumbaru kijijini watu wanacheka, manake kwa masikio yao ni darasa la wazee wasiojua kushika kalamu. Kiserikali inaitwa elimu ya watu wazima na elimu endelevu, iko chini ya serikali kuu, na inachukua kuanzia miaka 15. Historia yake ni ndefu. Kenya ilitunga sheria ya bodi ya elimu ya watu wazima 1966, na 1979 ikaundwa idara nzima na kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga. Wazee wetu wengi walijua kuandika majina yao kutokana na kampeni hiyo. Lakini utafiti wa kitaifa uliotoka 2007 ulikuta watu wazima milioni 7.8, yaani asilimia 38.5, bado hawajui kusoma na kuandika ipasavyo. Hao wote hawakuzaliwa wazee. Kila mmoja alikuwa kijana wa miaka 16 siku moja, na siku hiyo hakuna aliyemfuata.

Darasa lenyewe mara nyingi ni kanisani ama ukumbi wa chifu, alasiri mbili tatu kwa wiki, mwalimu mmoja, tena wengine ni wa muda wanaolipwa posho ndogo. Hilo si baya, muda wa alasiri ni muda mzuri. Shida ni kwamba binti wetu akiingia anamkuta bibi yake kwenye benchi la mbele anajifunza kusoma ujumbe wa M-Pesa asiibiwe. Bibi ana haki kabisa! Lakini somo la bibi na somo la mjukuu si moja. Bibi anataka kusoma na kuhesabu. Mjukuu anataka kusoma, kuhesabu, kisha ashike kazi inayolipa, kisha awe na karatasi ya kuonyesha.

(Pembeni kidogo. Sisi Wakenya tunampenda Mzee Maruge, na ni haki yetu. Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza Kapkenduiyo kule Eldoret, akaingia Guinness, filamu ikatengenezwa. Lakini nadhani picha ile ya babu na kaptula imetufanya tuione elimu ya nje ya umri kama hadithi tamu ya kufurahisha roho. Kijana wa miaka 16 anayetaka alfabeti si hadithi tamu, hakuna anayempiga picha.)

Mlango wa tatu, chuo cha ufundi cha kijiji. Hivi vina asili nzuri ambayo tumeisahau. Mwaka 1966 baraza la makanisa lilitoa ripoti yenye swali kama kichwa: baada ya shule, nini? Wakati huo vijana wengi walikuwa wanamaliza shule ya msingi na nafasi za sekondari hazipo. Jibu lao lilikuwa chuo kidogo, cha bei ya chini, karibu na nyumbani, kinachofundisha kazi ambayo kijiji chenyewe kinaihitaji: uashi, useremala, ushonaji. Yaani kilibuniwa kwa ajili ya mtu huyu huyu tunayemzungumzia. Baadaye vikaitwa vyuo vya vijana, siku hizi vituo vya mafunzo ya ufundi, na tangu ugatuzi viko mikononi mwa kaunti.

Binti yetu akifika pale atakuta nini? Kama bahati iko naye, mwalimu wa ushonaji na cherehani zinazofanya kazi. Lakini kituo kiko mbali, nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi inakula kibarua cha siku. Kuna ada, hata kama ni ndogo, na kitambaa cha kujifunzia ananunua mwenyewe. Vituo vingine vitauliza cheti cha shule ya msingi. Na hata akipokelewa bila cheti, ushonaji ni hesabu: nusu ya kiuno, robo ya kifua, ongeza inchi ya mshono. Asiyesoma namba za utepe atashika cherehani miezi sita na asikate gauni. Kijana wa uashi vivyo hivyo, atachanganya saruji vizuri lakini kipimo cha ramani hakioni.

Na mtoto bado yuko mgongoni.

Kwa hivyo mmeona? Shule ina walimu na cheti, haina saa zake wala nafasi ya mtoto wake. Ngumbaru ina saa na alfabeti, haina kazi ya mikono. Chuo kina kazi ya mikono, hakina alfabeti. Kila mlango unafunguka robo. Na ukimuuliza kiongozi wa kaunti kuhusu kusoma na kuandika atakwambia, bila kudanganya, "hiyo ni serikali kuu." Ukimuuliza wa serikali kuu kuhusu cherehani atakwambia, bila kudanganya pia, "hiyo imegatuliwa."

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, na ufungue Katiba, Jedwali la Nne. Watu wengi hulitaja kwenye mijadala bila kulisoma. Sehemu ya pili inaorodhesha kazi za kaunti. Namba tisa inataja elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, vituo vya ufundi wa nyumbani, na vituo vya kulelea watoto. Vinne hivyo vimewekwa mstari mmoja, mikono ile ile!

Yaani mwenye chuo cha ufundi ndiye mwenye kituo cha kulelea watoto. Ndiye mwenye chekechea. Hahitaji kuomba ruhusa Nairobi ili aweke chumba kimoja, mkeka, na mama mmoja mlezi anayelipwa, pembeni ya darasa la ushonaji. Sasa tembea kwenye kaunti yako. Utakuta chekechea mpya yenye jina la mheshimiwa ukutani, tena za kupendeza. Utakuta chuo kilomita tano mbele. Ni mara ngapi umeona chumba cha watoto ndani ya chuo? Madarasa ya chekechea yanapigwa picha vizuri siku ya kufungua. Mama mlezi ni mshahara wa kila mwezi, na mshahara hauna utepe wa kukata.

Kilichobaki ni alfabeti, na hiyo kweli ni ya serikali kuu. Lakini mwalimu wa ngumbaru anahitaji nini kufundisha? Chumba, ubao, na watu. Chuo cha kaunti kina chumba na ubao, na watu wako pale tayari. Makubaliano kati ya serikali hizi mbili yanaruhusiwa na Katiba, kifungu cha 187. Mwanzoni mwa 2025 tuliona vile jambo hili linaweza kuwaka moto, pale Msimamizi wa Bajeti alipozitaka kaunti zisitoe basari za shule zisizo jukumu lao bila makubaliano kama hayo, mpaka suala likafika kortini. Siku zile kila kiongozi alikimbilia maikrofoni kutetea basari. Sawa. Basari ni za aliye shuleni. Kwa yule aliyetoka, makubaliano ni ya bei nafuu zaidi, na sijasikia maikrofoni.

Kuna aliyenijibu kwenye uzi uliopita: "Wewe ukiwafungulia mlango wa pembeni, watoto wataacha shule makusudi wapitie huko." Hoja ya maana, siichezei. Ndiyo maana mpaka wa umri ni muhimu. Mtoto wa miaka 10 harudi popote isipokuwa shuleni, hata kama ni kwa kumbembeleza bibi yake na kumtafutia cheti cha kuzaliwa, manake kukikosa kumewasumbua wengi kwenye usajili. Lakini wa miaka 16 aliyekaa nje miaka minne hachagui kati ya shule na chuo. Anachagua kati ya kitu na hakuna kitu. Vijana kwenye timbo hawajaacha shule kwa sababu walisikia kuna mlango wa pembeni. Mlango wenyewe haupo.

Mwingine akauliza kama hii imewahi kufanyika popote. Ndiyo, tena hapa hapa. Samburu, miaka ya 1990, kulianzishwa madarasa ya lchekuti, maana yake wachungaji. Watoto wanaochunga mchana walisoma jioni, mifugo ikisharudi. Jirani zetu Uganda walianza mpango wa aina hiyo Karamoja mwaka 1998, masomo yakapangwa asubuhi na mapema na jioni ili kazi za nyumbani zisigongane na darasa, na mtaala ukabeba mambo ya mifugo na afya. Ninachokichukua hapo si mtaala, ni saa. Walimwuliza mtoto "unapatikana saa ngapi?" kabla ya kumwuliza kwa nini hakuja.

Kwa Ganze saa ni ipi? Mgema anapanda mnazi alfajiri na jioni, katikati yuko huru. Wa timbo anachoka saa nane. Wa bodaboda ana usingizi wa mchana na wateja wa jioni. Mama mwenye mtoto ni baada ya kuteka maji. Kwa hivyo saa nane na nusu mpaka kumi na moja, siku nne, inawezekana. Tuseme kijana anaingiza shilingi 300 kwa siku. Ukimwambia aje asubuhi mpaka jioni unamwomba atupe 1,500 kwa wiki, na nyumbani kwao hiyo ndiyo unga. Ukimwambia aje saa nane unusu, humwombi chochote isipokuwa usingizi. Shule ya kawaida haiwezi kufanya hivi. Elimu isiyo rasmi inaweza, na sheria inaitambua. Ile Sheria ya 2013 ina tafsiri ya elimu isiyo rasmi, inataja mpaka duksi na madrasa. Si kitu cha kubuni.

Nizungumze karatasi kidogo, manake vijana wanaijali kuliko tunavyodhani. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa alama ya "nimemaliza", hata kwa mtu mzima aliyejisomea nje akajisajili kama mtahiniwa binafsi. Sasa haipo, na kaka mkubwa aliyeachia darasa la saba hawezi tena kuufanya mtihani huo. Kwa upande wa ufundi hali ni afadhali. NITA ina mitihani ya daraja la tatu, la pili na la kwanza, na fundi aliyejifunza jua kali anaweza kupimwa akapata cheti bila kupita chuoni. Wengi kijijini hawajui hata kama ipo. Nina binamu watatu waashi, wamejenga nusu ya soko letu, na kila tenda ya kaunti ikitoka wanakuwa vibarua wa mtu mwenye cheti ambaye hajui kupiga mstari. Ada ya mtihani ipo, na kituo cha kufanyia kiko mjini. Hapo ndipo basari ingekuwa na maana: mlipie fundi mtihani wake mmoja.

Najua mtu anaandaa komenti: "Pesa zitatoka wapi?" Angalia nilichoomba. Sijaomba jengo. Nimeomba mlezi wa watoto, mwalimu wa alfabeti aje chuoni badala ya kanisani, saa zibadilishwe, na ada za mtihani wa ufundi. Majengo yapo. Mengine yana popo.

Sasa vitendo. Bajeti ya kaunti ina kalenda iliyoandikwa kwenye sheria ya fedha za umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Karatasi ya mikakati ya matumizi, Februari 28. Makadirio yenyewe, Aprili 30. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Watu wengi hujitokeza Juni wakiwa na mabango, saa hiyo keki imeshakatwa. Mahali pa kusemea ni ule mkutano wa ushirikishaji wa umma kabla ya tarehe hizo, ule unaotangazwa kwa karatasi ndogo kwenye mlango wa ofisi ya wadi. Nenda na vijana wawili wa timbo na mama mmoja mwenye mtoto, wakae mbele.

Uliza hivi, kwa upole, na uombe jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano: Chuo cha wadi yetu kina wanafunzi wangapi leo, si waliosajiliwa, waliopo? Wangapi hawana cheti chochote, na mnawapokea? Mtoto wa mwanafunzi anakaa wapi wakati mama yake anashona? Kuna makubaliano yoyote na ofisi ya elimu ya watu wazima ya kaunti ndogo, na tunaweza kuyaona? Na anayetafuta kura yenu 2027, mwulizeni hayo hayo kabla hajafika kwenye sehemu ya madarasa.

Wa Ganze na Magarini, kama mmeshawahi kuona chuo chenye chumba cha watoto, nitupieni picha hapo chini na jina la wadi. Nitaziweka zote kwenye uzi wa Jumapili, ule wa basari.